Kupanda treni Mughalsarai: fuata namba, usifuate jina

Kila mwaka wanafunzi wapya kutoka Afrika Mashariki wanaojiandaa kwenda kusoma Varanasi, kaskazini mwa India, huniuliza kuhusu hosteli, chakula na ada, lakini ni wachache wanaouliza kuhusu stesheni ya Mughalsarai, ilhali hapo ndipo wengi wao watakapojikuta usiku wa manane wakiwa na masanduku mawili na tiketi wasiyoielewa vizuri. Treni nyingi zinazokwenda kati ya Delhi na Kolkata haziingii Varanasi kabisa. Husimama Mughalsarai, ng'ambo ya mto Ganges, umbali wa kilomita 16 hivi kutoka mjini. Reli inayotoka Patna na ile inayotoka Gaya hukutana hapo, kisha hugawanyika tena, moja ikielekea Varanasi na nyingine Prayagraj. Kwa sababu hiyo treni hupita saa zote, na utawakuta watu wa familia nzima wamelala sakafuni juu ya shuka, mizigo ikiwa katikati yao, wakisubiri zamu yao kwa utulivu.

Usiitafute stesheni hiyo kwa jina la Mughalsarai unapokata tiketi. Tangu mwaka 2018 jina lake rasmi ni Pandit Deen Dayal Upadhyaya Junction, na kifupi chake kwenye tiketi ni DDU. Madereva wa bajaji na wenyeji bado wanasema Mughalsarai, kwa hiyo jifunze yote mawili: la kwanza kwa ajili ya kompyuta, la pili kwa ajili ya watu.

Majina ya treni nayo yanachanganya. Rajdhani, treni ya mwendo wa kasi inayotoka stesheni ya Howrah, jirani na Kolkata, kwa mfano, ina namba 12301 inapopitia Gaya na 12305 inapopitia Patna, na zote mbili husimama hapo zikielekea New Delhi. Zinaporudi Howrah, namba huwa 12302 na 12306. Mtu akikuambia tu kwamba Rajdhani imefika, bado hajakuambia kama ni ya kwako. Andika namba ya treni yako mahali unapoweza kuiona bila kufungua simu, kisha uisikilize katika tangazo na uisome kwenye ubao wa taa. Namba ni ileile kwa Kihindi na kwa Kiingereza.

Kuna jambo la saa ambalo sisi tunaohesabu saa kuanzia alfajiri tunapaswa kulitazama kwa makini zaidi kuliko wageni wengine. Reli ya India hutumia saa 24, na tarehe hubadilika saa sita usiku. Tiketi iliyoandikwa 00:20 tarehe 15 ni ya usiku wa kuamkia tarehe 15, yaani unatakiwa kuondoka hosteli jioni ya tarehe 14. Ukienda stesheni tarehe 15 usiku, treni yako itakuwa imeondoka takriban saa ishirini na nne zilizopita, na hakuna karani atakayeweza kukusaidia.

Ukishafika, jambo la muhimu kuliko yote ni kujua behewa lako litasimama wapi. Treni ya mabehewa 22 huzidi mita 500 kwa urefu, nayo husimama kwa dakika chache tu, kwa hiyo huwezi kuanza kukimbia na sanduku kutoka mwisho mmoja wa jukwaa hadi mwingine. Tazama vibao vidogo vinavyoning'inia juu ya jukwaa: muda mfupi kabla ya treni kuingia, huonyesha namba za mabehewa, kama S4, B2 au A1, nawe unasimama chini ya kile kinacholingana na tiketi yako. Kama mzigo ni mzito, mwite mchukuzi mwenye shati jekundu na beji ya shaba mkononi, mkubaliane bei kabla hajanyanyua chochote, kisha umwonyeshe namba ya behewa. Wachukuzi hawa wanaijua stesheni kuliko ubao wowote, na nauli yao naiona ni ya haki kabisa.

Soma pia hali ya tiketi yako. RAC ina maana kwamba utapanda, ila unaweza kugawana kitanda cha pembeni na abiria mwingine. WL ni orodha ya kusubiri. Tiketi ya mtandaoni iliyobaki WL baada ya orodha ya mwisho ya abiria kutolewa hufutwa yenyewe na fedha hurudishwa, kwa hiyo usipande nayo.

Mwisho, Desemba na Januari ukungu hufunika bonde lote la Ganges, na treni inayotoka mbali inaweza kuchelewa kwa saa nyingi. Kabla ya kutoka nyumbani, piga 139 uulize ilipofika, na ubebe blanketi, kwa kuwa baridi ya usiku huko ni kali kuliko wengi wetu tunavyodhani. Kama una ndege ya kurudi nyumbani kutoka Delhi katika miezi hiyo, panga kufika Delhi siku moja nzima kabla ya safari, hata kama ratiba inaonyesha kwamba treni ya usiku ingekuwahisha.