Beetle ya Nairobi Ikishuka Mombasa: Weka Taimingi Upya

Wenye Volkswagen Beetle wakikutana hubishana kuhusu namba ya taimingi, yaani plagi itoe moto nyuzi ngapi za mzunguko wa injini kabla au baada ya pistoni kufika juu. Huyu anashikilia nyuzi 7.5 kabla pistoni haijafika juu, yule anasema 5 baada ya kufika juu, na wote huwa sahihi. Namba hufuata distributa, kifaa kinachogawa umeme kwa plagi. Bosch 009, isiyo na hozi ya kwenda kwenye kabureta, huanzia 7.5 kabla. Ile ya hozi mbili iliyokuja na injini za 1600 mwanzoni mwa miaka ya 1970 huwekwa 5 baada, hozi zake zikiwa zimeunganishwa. Kwa hiyo futa grisi kwanza, usome namba iliyogongwa kwenye distributa yako.

Yangu ni 009. Naanza na pointi, swichi ndogo ndani ya distributa inayokata umeme ili plagi itoe moto, gepu milimita 0.4, kwa sababu ukigusa pointi baadaye taimingi nayo inahama. Kisha nawasha, nafunga taa ya taimingi kwenye waya wa silinda namba 1, napandisha resi hadi mizunguko 3,000 kwa dakika na kupita, mpaka alama ya puli iache kusogea. Kipimo cha hapo nakiamini zaidi kuliko cha sailensi, yaani injini ikizunguka polepole bila kukanyagwa mafuta. Taimingi ya jumla, ile ya resi ya juu, iwe kati ya nyuzi 28 na 32 kabla, isizidi. Kuizungusha distributa kinyume cha saa kunawahisha moto, kufuata saa kunauchelewesha.

Sasa suala la Mombasa, ambalo mafundi wengi wa Nairobi hawaligusi. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya bahari na presha ya hewa ni pungufu kwa karibu moja ya tano. Silinda haijai vizuri, kwa hiyo injini inavumilia moto wa mapema. Ukifika Pwani, hewa ni nzito na ya joto, mgandamizo unapanda, na mchanganyiko wa petroli na hewa uliobaki pembeni mwa silinda unalipuka wenyewe kabla mwali haujaufikia. Huko ndiko kugonga. Mimi nikijua nashuka, nairudisha taimingi ya jumla hadi nyuzi 28 kabla sijaondoka.

Usitegemee masikio. Feni ya Beetle ina kelele, na injini inaweza kugonga safari nzima usisikie. Fungua plagi, ushike kioo cha kukuzia, uangalie kaure nyeupe: ukiona vitone vidogo vinavyong'aa kama vumbi la fedha, hiyo ni aluminiamu ya pistoni yako. Simamisha gari siku hiyohiyo.

Na injini ikigonga, kabla hujailaumu petroli, kagua raba zinazoziba ukingo wa injini. Zikikosekana, feni inavuta hewa moto kutoka chini na kuirudisha kwenye silinda. Kagua pia raba za manifoldi, bomba linalopeleka mchanganyiko kwenye silinda, kwenye injini ya 1600. Zikipasuka, hewa ya ziada inaingia, mchanganyiko unakuwa mwepesi, petroli kidogo kwa hewa nyingi, na joto linapanda. Kwa mgandamizo wa takriban 7.5 kwa 1, Beetle iliyo sawa haihitaji petroli ya bei ghali.

Wakati wa kurudi, kuanzia Jomvu kupanda Mazeras nyuma ya malori, usikanyage mafuta ukiwa gia ya nne na resi iko chini. Rudi ya tatu mapema, injini izunguke na feni ipulize.