Maendeleo endelevu: ni kurudia neno?

Swali: Shikamoo mwalimu. Kwenye mkutano wa mtaa wetu hapa Tabata, mtendaji alituambia kwamba mradi wa kisima kirefu utatuletea "maendeleo endelevu". Mzee mmoja akanyanyuka: "Maendeleo ni kuendelea. Sasa hayo endelevu ni yapi? Si sawa na kusema rudia tena?" Watu walicheka, mtendaji akakosa jibu. Je, mzee yuko sahihi? Na kwa nini tusiseme "maendeleo ya kudumu", maneno ambayo kila mtu anayaelewa?

Jibu: Marahaba. Nisalimie mzee huyo, maana ana sikio zuri. Maneno yote mawili yametoka tumbo moja, yaani kitenzi endelea, nacho kimezaliwa na enda. Lakini ndugu wa tumbo moja si lazima wafanye kazi moja.

Maendeleo limejengwa kama matokeo kutoka tokea, au mapokeo kutoka pokea. Kiishio -o kinatupa jina la kile kilichopatikana. Endelevu lina kiishio -vu, na hicho kinataja tabia. Sikia inatupa msikivu, vumilia mvumilivu, tulia mtulivu, legea mlegevu. Tazama tofauti hii: mtoto aliyemponyoka mama yake katikati ya watu Kariakoo ni mtoto aliyepotea. Akipatikana jioni, habari imekwisha. Mwana mpotevu ni mwingine kabisa. Huyo hata akiwa amekaa sebuleni kwenu, upotevu anao. Kwa hiyo -vu haisemi jambo linatendeka sasa. Inasema jambo hilo limo ndani ya mwenye sifa.

Hapo ndipo watu wengi wanapoteleza, kwa kudhani endelevu ni "yanayoendelea". Nilipokuwa nimepanga Mikocheni, nyumba yetu ilitegemea kisima. Pampu ilinguruma kutwa, tukatumia sisi, wakatumia majirani, na maboza yakaja kujaza. Haukupita muda mrefu chai ikaanza kuonja chumvi. Tukiongeza sukari, chumvi iko palepale. Sabuni ikakataa kutoa povu, mama mwenye nyumba akawa anafua huku analalamika. Maji yalikuwa yamevutwa kwa kasi kuliko mvua inavyoyarudisha ardhini, na kwa kuwa bahari iko karibu, maji yake yakapenya kuziba pengo. Sasa pima maneno: maji yaliendelea kutoka kila siku, lakini matumizi yetu hayakuwa endelevu. Hayakuwa na uwezo wa kuendelea ndani yake. Tulikuwa tunakunywa maji ya waliokuja kupanga baada yetu.

Maana hiyo ndiyo iliyokusudiwa na waliolieneza wazo hili duniani. Mwaka 1987, tume iliyoundwa kwa uamuzi wa Umoja wa Mataifa, ikiongozwa na Gro Harlem Brundtland, aliyekuwa Waziri Mkuu wa Norway, ilieleza kwamba ni maendeleo yanayotimiza mahitaji ya kizazi cha sasa bila kuvinyima vizazi vijavyo uwezo wa kutimiza mahitaji yao. Tume hiyo ikasisitiza kwamba mahitaji ya maskini ndiyo yatangulie. Naona uchungu kipengele hiki kinavyosahaulika, maana mtu akisikia endelevu huwaza miti tu. Miti imo, na watu wamo pia. Ndiyo maana Malengo ya Maendeleo Endelevu yaliyopitishwa mwaka 2015, ambayo kikomo chake ni 2030, yako 17, na la kwanza kabisa ni kutokomeza umaskini.

Tuje kwenye "ya kudumu". Ni maneno mazuri, nami nayapenda yakiwa mahali pake: kamati ya kudumu, makazi ya kudumu, Daftari la Kudumu la Wapiga Kura. Kudumu ni kubaki. Ukuta wa zege uliojengwa ufukweni unadumu, hata kama mawimbi unayoyarudisha yanaula mchanga wa jirani. Neno kudumu halimuulizi mtu gharama hiyo inamwangukia nani. Jiwe hudumu. Mikoko huendelea: mti mkubwa unakatwa boriti, mche ulio chini yake unashika nafasi, mradi wakataji wasizidi kasi ya miche. Ukiandika "maendeleo ya kudumu" hutakuwa umekosea Kiswahili, ila utakuwa umesema jambo jingine.

Upatanisho wa kisarufi usikusumbue. Tunasema watu wavumilivu na maji matulivu, lakini endelevu limezoeleka bila kiambishi: kilimo endelevu, miradi endelevu, matumizi endelevu. Ukiandika "miradi miendelevu" msomaji atashtuka bure. Jina la sifa yenyewe ni uendelevu, kama uvumilivu, nalo ni Kiswahili safi.

Lawama yangu ni kwa wanaolibandika neno hili kwenye kila kibao na kila hotuba kama nakshi, mpaka wananchi wanalicheka. Neno linalotaja tabia linadai ushahidi. Ukiniambia fulani ni mwaminifu, nitakuuliza ameaminiwa na nini akakitunza. Basi mkutano ujao, mwambie mzee asiulize tena kama neno linarudiwa. Amuulize mtendaji: kisima kitavutwa lita ngapi kwa siku, nani atakuwa anayapima maji kama yameanza kuonja chumvi, na pampu ikiungua, fedha ya kununua nyingine iko kwenye akaunti ya nani?