Mahindi yenye mapengo: usikimbilie mbolea

Pole sana, dada. Unasema shamba lako la Kibwezi lilinawiri vizuri, ila mahindi yametoka na mapengo, na muuzaji huko Kayole anataka ununue mbolea zaidi. Subiri kwanza. Kila uzi wa ndevu za hindi huzaa punje moja; usipopata chavua, yaani unga wa maua ya kiume ya mhindi, hapo panabaki pengo. Joto likipita nyuzi 35 za Selsiasi wakati wa kuchanua, chavua nyingi hufa, na udongo ukiwa mkavu ndevu huchelewa kutoka. Mbolea haitibu hilo! Msimu ujao panda mbegu ya mahindi ya Katumani, inayokomaa haraka, mara tu mvua za vuli zinapoanza, na utandaze mabua yahifadhi unyevu. Kama una maji kidogo, yatunze kwa wiki zile za kuchanua.