Barua kwa mwanangu: askari wa Lilongwe na askari wa Harare

Mwanangu mpendwa,

Barua yako imenifikia na nimeisoma kwa makini. Unauliza kwa nini mimi, niliyekulea nikikwambia kwamba mahali pa askari ni kambini na mpakani, nalisifu jeshi la Malawi kwa lililofanya mwaka 2012 huku nikilikataa lililofanywa na jeshi la Zimbabwe mwaka 2017, ilhali kote kuwili watu walishangilia na kote kuwili rais mpya aliingia akiwa na bunduki upande wake. Ni swali la haki, na nitalijibu kwa yaliyotukia.

Rais Bingu wa Mutharika alifariki dunia tarehe 5 Aprili 2012, lakini serikali ilinyamaza. Mwili ukasafirishwa hadi Afrika Kusini huku wananchi wakiambiwa kwamba amekwenda kutibiwa. Katiba ya Malawi haikuacha shaka: kiti kikibaki wazi, makamu wa rais hukishika hadi muhula uishe. Lakini makamu huyo, Joyce Banda, alikwisha fukuzwa katika chama tawala na kuanzisha chake, na walikuwapo serikalini waliotaka urais umwendee Peter Mutharika, mdogo wa marehemu. Usiku wa tarehe 6 kundi la mawaziri likatangaza kwamba Banda hawezi kurithi kwa sababu ameunda chama kingine. Mkuu wa majeshi, Jenerali Henry Odillo, akapeleka askari kuilinda nyumba ya Banda, na tarehe 7 Banda akaapishwa.

Tazama askari hao waliyojizuia kuyafanya. Hawakuteka redio, hawakumkamata waziri, wala hawakumchagua mtu. Jina la Banda lilikwisha kupigiwa kura na Wamalawi mwaka 2009 alipokuwa mgombea mwenza. Kisha, na hili kwangu lina uzito kuliko yote, aliposhindwa katika uchaguzi wa Mei 2014, akashika nafasi ya tatu na kujaribu kuufuta uchaguzi huo, mahakama ilimkatalia na hakuna kikosi kilichotoka kumtetea. Walikuwa wamelinda kiapo, hawakuwa wamemnunua rais.

Harare mambo yalikuwa kinyume. Tarehe 6 Novemba 2017 Rais Robert Mugabe alimfukuza makamu wake, Emmerson Mnangagwa, katika mvutano wa nani atarithi kiti, wengi wakiamini kwamba mke wa Mugabe, Grace, ndiye aliyekuwa akiandaliwa. Usiku wa kuamkia tarehe 15 magari ya deraya yaliingia mjini, na Meja Jenerali Sibusiso Moyo akasoma kwenye televisheni ya taifa kwamba jeshi halijatwaa serikali bali linawasaka wahalifu waliomzunguka rais. Katiba yao ya 2013 inasema rais peke yake ndiye mwenye mamlaka ya kuyaamuru majeshi yatoke, na inawakataza askari kuendeleza maslahi ya chama chochote. Mugabe alijiuzulu tarehe 21, Mnangagwa akaapishwa tarehe 24, na siku hiyohiyo Mahakama Kuu ikaamua kwamba jeshi halikuvunja sheria. Kabla mwaka haujaisha, Jenerali Constantino Chiwenga, aliyeongoza operesheni ile, alikuwa makamu wa rais. Hapo ndipo nilipoona wazi kwamba jeshi lilikuwa limeingia katika ugomvi wa ndani ya chama, likachagua upande, kisha likachukua fungu lake.

Furaha ya wale waliowakumbatia askari barabarani naielewa kabisa. Walikuwa wamemvumilia mtu mmoja kwa miaka 37, na siwezi kumlaumu aliyecheza siku ile. Ila shangwe ya siku moja haimpi jenerali kibali ambacho katiba imemnyima. Tarehe 1 Agosti 2018, watu wakisubiri matokeo ya uchaguzi wa rais, askari walifyatua risasi katika barabara za Harare na watu 6 wakapoteza maisha.

Togo nitaigusa kwa ufupi tu. Rais Eyadéma alipofariki Februari 2005, katiba ilimtaja spika wa bunge kuwa ndiye wa kushika kiti. Jeshi likamtangaza mwana wa marehemu, Faure, mipaka ikafungwa spika akiwa nje ya nchi, na bunge likabadilisha katiba haraka ili kulihalalisha jambo lililokwisha kufanyika.

Hata hivyo sitaki udhani kwamba Malawi inaniridhisha kabisa. Inaniumiza kwamba kwa siku mbili katiba ya nchi nzima iliitegemea dhamiri ya jenerali mmoja, kwa maana angeweza kuamua vingine, na sijui ni nani angemzuia. Mwanya huo ulifunguliwa na wale walioficha kifo. Kenya, Jomo Kenyatta alipofariki tarehe 22 Agosti 1978, makamu wake, Daniel arap Moi, aliapishwa siku hiyohiyo, ingawa miaka miwili nyuma walikuwapo wanasiasa wakubwa waliopigania katiba ibadilishwe ili asirithi; kiti hakikulala bila mwenyewe, na hao hawakupata usiku wa kupanga. Kwa hiyo, unaponiuliza kama sheria iwape majeshi jukumu la kusimamia urithi wa urais, jibu langu ni hapana. Ningetaka sheria ibane muda: kifo kitangazwe mara moja, na kiapo kifuate ndani ya saa chache, kabla ya yeyote kupata sababu ya kumpigia simu mkuu wa majeshi.

Niandikie unaponipinga.

Mama yako