Wasomaji Wanauliza: Binti wa miaka 13, hana karatasi za shule

SWALI: Tulikimbia vita Masisi, mashariki mwa Kongo, sasa tuko Minova. Binti yangu ana miaka 13. Alimaliza darasa la nne, kisha akakaa nyumbani miaka miwili. Buletini zake za alama ziliungua na nyumba. Mkurugenzi wa shule ya hapa anasema aanze la pili. Nifanye nini?
– Mama deplase, Minova

JIBU: Mama, la pili usikubali. Akikalishwa na watoto wa miaka saba atavumilia muhula mmoja, halafu basi.

Ulizia kituo cha CRS (Centre de Rattrapage Scolaire), cha watoto waliochelewa masomo. Huko miaka sita ya msingi husomwa kwa mitatu: ngazi ya kwanza ni darasa la 1 na la 2, ya pili ni la 3 na la 4, ya tatu ni la 5 na la 6. Wako aombe jaribio la kuingia ya tatu. Arudie kwanza kugawanya, hesabu za sehemu (nusu, robo) na imla ya Kifaransa, maana hayo husahaulika upesi. Akipita, mwisho wa mwaka huohuo anafanya mtihani wa taifa. Lakini uliza mapema: kituo kina kibali cha serikali? Majina ya watahiniwa yanapelekwa kupitia shule gani? Wasipokujibu vizuri, tafuta kwingine.

Badala ya buletini, mtafute mwalimu wake wa zamani. Huenda naye amekimbilia hukohuko. Aandike na kusaini jina la shule, darasa na mwaka.

Msingi wa serikali ni bure tangu Septemba 2019. Daftari na sare ni juu yako. Wakidai «prime», yaani pesa ya wazazi kwa walimu, omba risiti.

Kukiwa na zamu mbili, dai ya asubuhi: ya mchana humrudisha njiani giza likiingia.

Na hili wababa hawaliulizi: hedhi. Mshonee vitambaa sita vya pamba, vyenye tabaka kadhaa, na chupi tatu. Abadilishe kila baada ya saa nne hadi sita, afue kwa sabuni na maji baridi, aanike juani. Wasichana wengi huvificha chini ya godoro. Havikauki, wanaanza kuwashwa, wanakosa shule. Akiona haya, atandaze kanga nyepesi juu yavyo kambani.

SWALI: Kaka yangu ameshapokea mahari ya binti yake wa miaka 16. Anasema mila inaruhusu.
– Shangazi, Bukavu

JIBU: Sheria hairuhusu, Shangazi. Sheria ya ulinzi wa mtoto ya 10 Januari 2009 inakataza, na Kanuni ya Familia iliyorekebishwa 2016 inataka miaka 18. Ongea na kaka mbele ya chefu wa mtaa kabla mahari haijaliwa. Ikishaliwa, kuirudisha ndiko kunakomshinda.