Runinga ya bibi kuandika "No Signal"

Ndugu, hayo maneno "No Signal" anayoyaona bibi yako huko Lamu kwa kawaida huandikwa na runinga yenyewe, si king'amuzi, kwa hiyo usikimbilie kununua kingine. Runinga haipokei kitu kwenye mlango (tundu la waya) iliouchagua, na mara nyingi ni kwamba kitufe cha Source kimebonyezwa bila kukusudia. Mwambie ashike rimoti ya runinga (wazee wengi hushika ya king'amuzi, muulize kwanza ana ipi mkononi), abonyeze Source, ateremke hadi HDMI (waya mmoja wenye ncha bapa) au AV (waya wa ncha za rangi: njano, nyekundu, nyeupe) kulingana na uliochomekwa nyuma, kisha OK. Umpe muda, picha hukawia kidogo.

Bado? Akague kama king'amuzi kimewaka, halafu abonyeze Menu kwenye rimoti ya king'amuzi. Menyu ikitokea, basi runinga na king'amuzi vinasikizana na shida iko kwenye antena, dishi au malipo. Mimi hufunga antena hapa Malindi, na pwani yetu hii chumvi hula sana ncha za waya: ukifungua unakuta shaba imeota kutu ya kijani. Hapo simu haisaidii, mtafutie fundi wa karibu. Tafadhali bibi asipande darini.

Na asiguse kutafuta chaneli upya wakati mawimbi hayapo. Baadhi ya ving'amuzi hufuta zote zilizohifadhiwa.