Mandhari feki, bandia au ya kubuni?

Msomaji anauliza: "Kwenye reviu yangu ya Sky Captain and the World of Tomorrow nimeandika kwamba mandhari haya feki na athari za kompyuta ndo utamu wa muvi yenyewe. Mshkaji wangu kasoma akasema mbona unaiponda, wakati mimi naipenda sana. Tatizo nini?"

Ndugu yangu, mshkaji kaona sawa, na kinachokuangusha hasa ni hilo neno feki. Feki linashtaki, ukisema simu feki maana yake kuna mtu kapigwa. Sasa Kerry Conran, mwongozaji wa hiyo muvi, hajampiga mtu, ile muvi ya 2004 alitaka kabisa ionekane imechorwa, ndo maana Jude Law na Gwyneth Paltrow waliigiza mbele ya skrini ya bluu tu kule Uingereza, afu New York ya 1939 ikaja kuwekwa nyuma yao kwa kompyuta, picha ikageuzwa nyeusi na nyeupe kwanza ndo ikapakwa rangi upya, ikatoka na ule ukungu kama wa mabango ya sinema za zamani. Yale maroboti makubwa yanavyopita barabarani katikati ya maghorofa, mtazamaji anajua hayapo na bado roho inamdunda.

Bandia lina upole kidogo, meno bandia na nywele bandia hakuna anayeziita utapeli, ila noti bandia na dawa bandia nazo zipo, kwa hiyo inategemea limekaa na neno gani. Lingefaa kwa ukuta wa mbao uliopakwa rangi uonekane jiwe, yaani kitu kinachoshika nafasi ya kingine. Huku ukuta wenyewe haukuwepo. Mimi ningeandika mandhari ya kubuni, maana kubuni kunampa sifa yake mtu aliyekaa akafikiria, na Conran hii kazi aliianza nyumbani kwake, kwenye kompyuta yake mwenyewe, miaka kabla hajapata wa kumdhamini.

Athari nalo liangalie. Si kosa kikamusi, lakini masikioni mwa wengi athari ni za mafuriko, za sigara, ukisema athari za kompyuta mtu anafikiria macho kuuma. Andika efekti za kompyuta, wapenda muvi wanaelewa na mimi nalikubali kabisa.

Na mandhari kwa Kiswahili sanifu iko ngeli ya i-zi, kwa hiyo mandhari hii au mandhari hizi, haya unayasikia sana mitaani ila kwenye reviu rekebisha.